Kibuyu cha Kindi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama wa bondeni walikuwa na nyumba zenye milango, meko na kompyuta, na waya mmoja ulipita nyumba hadi nyumba ukaziunganisha zote. Hadithi hii hunikasirisha kila ninapoisimulia, lakini sikilizeni.

Mvua ilinyesha sana milimani. Mama Swala, aliyejifungua juzi, akamwendea Tembo, mkuu wa bonde.

"Mzee, maji yatatufikia lini? Mtoto wangu hajaweza kusimama."

"Hesabu hiyo haiwezwi na kompyuta moja," akasema Tembo. "Tutaifanya kwa ujima. Mto tunaukata vipande. Kila nyumba ihesabu kipande chake wakati mmoja na wenzake, kisha impe jirani jibu aliunganishe na lake. Na kama shambani, anayemaliza wa kwanza ndiye anayekunywa togwa kwanza."

Kindi, ambaye nyumba yake ilikuwa ya mwanzo upande wa milimani, akasema, "Mzee, kompyuta yangu ni ndogo. Nipe kipande kidogo."

"Ujima ni sawa kwa sawa."

Kiboko na Nyati wakacheka. "Mkia mrefu, mashine kiduchu."

Kazi ikaanza. Mashine za wakubwa zikanguruma, nguu, nguu. Ya Kindi ikakohoa, kri, kri, kri. Akaona wote watamsubiri yeye na kumcheka tena. Basi akaizima, akabuni nambari, akazituma kwa Kiboko. "Tayari!"

"Ala, mdogo katushinda," akasema Tembo, akampa kibuyu cha togwa. Hakuna aliyemuuliza amefanyaje. Kiboko akaunganisha nambari zile na zake, akampa Nyati, Nyati akampa Tembo. Jibu likatoka: kesho kutwa.

"Nenda kapumzike, mama," Tembo akamwambia Mama Swala.

Kesho yake adhuhuri, vuuu, maji yakaja. Kindi alikuwa juu ya mti. Wakubwa waliogelea. Mama Swala alitoka majini peke yake, bila mtoto.

Kilimani, Tembo akamkazia Kindi macho. "Nambari zile ulizitoa wapi?"

"Kichwani. Niliomba kipande kidogo, mkanicheka. Nilipodanganya, mkanipa kibuyu."

Tembo akainamisha kichwa. Mama Swala hakumtazama yeyote.

"Niliuliza swali moja tu," akasema, "na mlinijibu nyote."

Hadithi yangu imekomea hapo kilimani, wanangu, na funzo lake ni hili: ukimtwika mtu kazi asiyoiweza kisha ukamsifu kwa haraka yake, uongo wake ni wako pia.