Fuwele Moja, Jina Moja

Tulieni, wenye vyeti na msio navyo! Mimi shule niliitoroka kidato cha pili, lakini kwa fumbo hili nawafunga wote.

Maabara fulani ya chuo ilikuwa inafungwa kabisa Ijumaa. Walibaki watatu. Shemweta aliotesha fuwele nyembamba kuliko ganda la kitunguu. Tumsifu aliziinua kwa unywele mmoja bila kuzikwaruza. Kokugonza alipima chaji za umeme zinavyokimbia juu yake.

Mgeni mwenye maabara yake akaja na sharti. "Nionyesheni transista ya fuwele, ile swichi ndogo ya umeme, inayopitisha umeme zaidi kuliko zenu zote za nyuma. Nitamwajiri mtu mmoja kwangu. Mmoja tu."

Siku nne Shemweta hakubanduka kwenye tanuri. Zikatoka fuwele kumi na moja. Kumi zina nyufa.

"Hii moja nzima ikifa," alisema, "narudi kufyatua matofali."

Tumsifu akaishusha juu ya vyuma vya transista, pumzi ameibana. Kidole kikigusa tu, chaji zinanasa kama nzi kwenye asali. Ikalala safi.

Kokugonza akaifunika kwa kitambaa cheusi, maana mwanga huvuruga vipimo. Umeme ukapita unachechemea. Shemweta akakaa sakafuni, kichwa magotini.

"Kaka Tumsifu, umeilaza kwa urefu kama zile za zamani," Kokugonza alisema. "Hii imeota vingine. Chaji zake zinakimbilia upana."

"Nikiibandua itavunjika!"

"Ukiiacha, tumekwisha."

"Dada, mimi mama anajua nimeshapata kazi! Ameshawatangazia kanisa zima!"

"Basi geuza, mwana wa kutangazwa!"

Akaigeuza, machozi yanamtoka. Pembe ikakatika. Iliyobaki ikalala, na umeme ukapanda mara sita.

Unadhani walishangilia? Thubutu! Mgeni alikuwa ameshaweka mezani kalamu na fomu yenye mstari mmoja wa jina.

"Bila fuwele yangu mngepima hewa," Shemweta alisema.

"Bila mkono wangu ungebaki na kipande cha uchafu," Tumsifu akajibu.

"Na bila mimi," Kokugonza akasema taratibu, "wote wawili mngekuwa mmeshafungasha."

Mgeni akatazama saa. "Naondoka baada ya dakika tano. Msiponipa jina, naondoka peke yangu."

Watatu wakaitazama kalamu. Hakuna aliyeigusa.

Haya, wewe unayetikisa kichwa kama hakimu, ishike. Unaandika jina la nani? Na wale wawili, utawaambia nini?