Mtungi Uliowaka Dukani

Kaka mmoja alimwahidi mdogo wake wa kike kwamba atampandisha mlimani. Akaingia duka la vifaa vya kambi kuchagua jiko dogo na mtungi wa gesi.

"Mtalala wapi?" mama muuzaji akauliza. "Kule juu maji yanakoganda?"

"Huko huko."

"Basi huo mtungi mwepesi ulioushika uache. Gesi yake ikipigwa na baridi kali inalala. Chukua huu wa gesi mchanganyiko, unawaka hata penye barafu."

"Mama, gesi ni gesi!" Akaufunga ule mwepesi kwenye jiko, akawasha palepale. Moto wa buluu ukaruka. "Haya, hii imelala?"

Wateja wakacheka. Naye akacheka, akijua ameshinda.

Hivi, nani kati yenu asingecheka naye?

Huko mlimani mvua ya mawe ikawalowesha, ukungu ukafunga njia. Wakajibanza hemani, dada meno yakigongana.

"Kaka, chai tu. Hata maji ya moto."

Akafungua koki. Kimya. Akasogeza kiberiti, kikaungua mpaka vidoleni, kikazima. Akautikisa mtungi, akasikia gesi ikicheza ndani, chwa, chwa. Umejaa tele! Lakini hautoi kitu, kama mtu anayekutazama machoni asikujibu.

"Bado, kaka?"

"Bado kidogo."

Dada akauliza tena, na tena. Kisha, baridi ikishamvuruga akili, akasema haisikii tena, akaanza kuvua koti. Kaka akamvalisha, akamkumbatia, akawa anamwita jina.

Kulipokucha ukungu ukaondoka, jua likapiga hema. Kaka akasikia pumzi: ssss. Moyo ukamruka, akamgeukia dada yake.

Siye. Lilikuwa jiko. Koki ilibaki wazi. Mtungi umepata joto, sasa unapumua. Dada yake hapumui.

Ndugu zangu waumini! Mtungi ule ni sisi! Imani yetu tumeijaribu dukani, penye joto, mbele ya watu wanaotuchekea. Humu kanisani kinanda kikilia, nani hawaki? Lakini mwenzetu akija na shida yake, akitetemeka, tunamwambia bado kidogo. Akishakufa ndipo tunafunguka: michango, mashada, hotuba ndefu zenye machozi. Tunavuma kweli kweli, pembeni ya maiti!

Sitaki kuona unavyowaka hapa. Huko unakoishi, chumba cha pili kutoka chako, kuna mtu anauliza, "Bado?" Nenda kamjibu leo, wakati angali anauliza.