Bawa la Malaika Kwenye Shaba

Isome taratibu, kisha mtumie mtu unayemwita rafiki.

Palikuwa na mabaharia wawili wastaafu, Mbaruku na Bwanakheri, majirani wa ukuta kwa ukuta mjini Tanga. Ujanani, meli yao ilipotia nanga Istanbul, wenzao walinunua mashati na saa. Wao walinunua sarafu za shaba zilizochakaa, za wafalme wa mwisho wa dola ya Rumi ya Mashariki. Walipozeeka, sarafu hizo zikawa ndizo bao lao, ndizo kahawa yao.

Kila Ijumaa baada ya sala walikaa dirishani kuzisoma. Mmoja huishika sarafu na kuilaza huku na huku ili mwanga uipite ubavuni. Mwingine huitazama kwa lenzi. Kazi hiyo haimtaki mtu mmoja. Shaba ya miaka mia saba haisemi na mwenye haraka.

Ijumaa moja, Bwanakheri akiwa jikoni anamimina chai, Mbaruku alifunua kopo la mwenzake la sarafu za kawaida, zile za mfalme aliyesimama na msalaba, nyingi kama dagaa. Akaona kitu. Ukingoni mwa sarafu moja, chini ya kutu ya kijani, palichomoza manyoya. Bawa!

Sarafu ya malaika, ile adimu yenye sura ya malaika mwenye mabawa! Wote wawili waliitafuta miaka yote na hawakuwahi kuishika. Na huyu mtu ameitupa humu, hana habari.

Alitaka kuita, "Bwanakheri, njoo uone!" Ulimi ukagoma.

"Swahibu," alisema chai ilipokuja, "hii nipe mimi. Nitakupa zangu tatu, zile nzuri."

"Tatu kwa kigae hiki? Leo umekula nini, mzee?" Bwanakheri alicheka hadi chai ikamwagika. "Chukua, chukua, kabla akili hazijakurudia."

Tangu hapo Mbaruku hakuwa na raha. Aliifungia sarafu ndani ya mkebe wa tumbaku, mkebe ndani ya sanduku. Akiitazama, aliitazama mapazia yameshushwa, kwa tochi ya simu, sikio liko mlangoni. Ijumaa iliyofuata alisingizia mgongo. Iliyofuata tena, mafua. Hata mlio wa kandambili za jirani uani ulimkausha mate.

Lakini tamaa ina mdomo. Wakusanyaji sarafu wa Mombasa walipompigia simu kumwalika kwenye maonyesho yao, alijikuta amesema, "Nitakuja na malaika."

Kesho yake Bwanakheri alikuwa mlangoni.

"Hodi! Weye Mbaruku! Umempata malaika, na mimi jirani yako naambiwa na watu wa Mombasa? Hebu mlete nimwone!"

"Nita... nitakuonyesha huko huko."

"Huko wapi? Kwa mgongo upi? Lete hapa. Na ile yangu uliyochukua ilete pia, tuzilinganishe."

Mbaruku aliona sakafu kama inazama. Alete ipi, aache ipi? Hana mbili. Aliingia chumbani, akakawia, akarudi na moja tu katika kiganja chenye jasho.

"Ni hii hii," alisema, macho chini. "Malaika ni wako. Niliona bawa, nikanyamaza."

Bwanakheri alifungua pazia, akailaza sarafu juani, mara huku, mara kule. Mbaruku alisimama kama mshtakiwa anayesubiri hukumu.

"Shika lenzi," Bwanakheri alisema hatimaye. "Tazama mguu wa mfalme. Umekanyaga nini?"

Mbaruku akatazama. Mguu wa mfalme ulikuwa umepita juu ya bawa.

"Shaba ilipokuwa haba," Bwanakheri alisema polepole, "walichukua sarafu ya mfalme aliyepita, wakaigonga upya kwa sura ya mfalme mpya. Unalijua hilo kama nilijuavyo mimi. Malaika alishafutwa, limebaki bawa. Sarafu ni ya aliyegonga mwisho. Bawa hilo mimi nililiona zamani, ndiyo maana nikaitia kwenye kopo lile. Ungeniita tu, ningekuonyesha."

"Nisamehe, ndugu yangu."

Bwanakheri aliiweka sarafu mezani, akaelekea mlangoni. Hapo akageuka.

"Zile tatu," alisema, "nilimwambia mke wangu umenipa kwa mapenzi."

Funzo: Unapomficha rafiki kitu, unajinyima macho yake, na jambo utakalolitazama peke yako, pazia limeshushwa, ndilo litakalokudanganya.