Kindi Ahamia Mwinuko kwa Baiskeli

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa njia ndefu, na mwenye miguu ya kuipita.

Basi, kaeni vizuri.

Hapo kale Kindi aliishi Mchangani na mwanawe mchanga. Kindi alikuwa na baiskeli, na hakuna kitu alichopenda kama kusafiri nayo. Lakini Mchangani ni mchanga mtupu. Akinyonga, gurudumu linazama, fufu! Akinyonga tena, fufu! Siku nzima hajaupita hata mji wake mwenyewe.

Akasikia habari za Mwinuko. Huko barabara ni ngumu, vivuli vipo, na kuna njia ya kulizunguka ziwa siku tatu bila kukanyaga mara mbili pale ulipopita.

Kindi akasema, "Mwanangu, tunahama."

Akafunga mzigo kwenye keria kwa mpira: mkeka, sufuria, pampu, na kopo moja la bati. Akamfunga mtoto mgongoni. Wakaondoka.

Sasa, kwenda Mwinuko lazima uvuke daraja lililo chini ya kilima. Na darajani alikaa Nyani, dume kubwa, mabega kama magunia mawili. Kila apitaye, Nyani humnyang'anya.

"Wee Kindi! Shuka. Baiskeli hiyo yangu sasa."

"Shikamoo, kaka Nyani."

"Marahaba. Shuka."

Kindi akatazama kilima. Kilikuwa kirefu. Akaitazama baiskeli yake. Ikichukuliwa, hakuna ziwa, hakuna siku tatu, ni kurudi kwenye mchanga. Akashuka polepole. Aliposhuka, kopo likatikisika.

Kacha-kacha-kacha!

Masikio ya Nyani yakasimama. "Nini hicho?"

"Ah, kaka, usiniulize. Vitu vyangu tu."

"Karanga hizo! Karanga za kukaanga! Nimezisikia."

"Mimi sijasema karanga."

"Ndiyo maana najua ni karanga! Lete, na kopo langu."

"Chukua, kaka. Vyote chukua," Kindi akasema. "Ila una habari ya desturi ya Mwinuko? Baiskeli ngeni hupelekwa kwanza uwanjani kwa Bi Kanga. Yeye hupiga kengele, na mwenyewe hutaja kila kilichomo mzigoni kabla haujafunguliwa. Usipofanya hivyo, mji mzima utakuita mwizi."

"Mimi, mwizi?" Nyani akachukia sana. "Panda nyuma. Utanionyesha uwanja."

Kindi akapanda juu ya mzigo, na mtoto wake mgongoni. Nyani akakamata usukani. Akanyonga. Kriki-kriki, hehe! Kriki-kriki, hehe!

Walipofika kona ya kwanza, Nyani akasema, "Kindi, miguu inawaka. Nashuka."

Kindi akatikisa kopo. Kacha-kacha-kacha!

Nyani akameza mate. Akanyonga. Kriki-kriki, hehe!

Kona ya pili. "Kindi, mgongo unakatika. Nashuka."

Kacha-kacha-kacha! Akanyonga.

Kona ya tatu. "Kindi, nakufa."

"Pole, kaka. Usife, tumekaribia." Kacha-kacha-kacha!

Wakafika juu. Mtoto alikuwa amelala fofofo.

Uwanjani Bi Kanga akapiga kengele, kling-kling! Watu wakajaa. "Baiskeli hii ya nani?"

"Yangu!" akasema Nyani. "Na sufuria yangu! Na kopo langu!"

"Na wewe mama?"

Kindi aliona haya kusema mbele ya watu. Akajibu kwa sauti ndogo, "Yangu, bibi."

"Haya. Koponi mna nini?"

"Karanga!" Nyani akapaza sauti. "Za kukaanga! Zenye chumvi!"

Kindi akasogea, akamnong'oneza Bi Kanga sikioni, "Gololi za magurudumu, bibi. Thelathini na nane. Nimezipaka grisi."

Bi Kanga akafungua kopo. Kabla hajatazama, Nyani akaingiza mkono, akajaza mdomo, akatafuna.

Kraa!

Jino likaruka, likaanguka miguuni pa watu. Gololi moja ikalifuata, ikibingirika.

Bi Kanga akahesabu zilizobaki na zilizotemwa. Thelathini na nane kamili. Akamgeukia Nyani: "Asante kwa kumpakia mgeni wetu. Maji ya kunywa yako pale. Ukishakunywa, njia ya kushuka unaijua."

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Asubuhi yake Kindi alizipangusa gololi zake, akamfunga mtoto mgongoni, akaanza safari ya ziwa. Siku tatu, kling-kling, bila kukanyaga mara mbili pale alipopita.

Na Nyani? Yupo darajani mpaka leo. Wote wanaohamia Mwinuko hubeba kopo la gololi. Wakifika pale, hulitikisa. Nyani hushika pengo lake, hufikiri kidogo, kisha husema, "Labda hizi ndizo karanga." Na hunyonga.

Funzo, watoto wangu: muigeni Nyani. Amehamisha mji mzima kwa miguu yake, wala hajadai hata kikombe cha uji. Na tena msiwe kama Kindi, aliyekaa nyuma siku nzima bila kusaidia hata kidogo.

Hadithi yangu nimeiegesha hapa. Mwenye pampu aijaze upepo, aendelee nayo.