Mji Uliokula Kinamasi cha Bi Zawena

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama mliolala na njaa? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, mvua ikinyesha bila kumwomba mtu ruhusa, palikuwa na mji chini ya mlima. Kila masika maji yalishuka, vuuu, vuuu, yakaingia mtaa wa chini bila hodi. Yakabeba vyungu. Yakabeba kuku. Yakabeba hata milango. Jumbe Shekuwe, mkuu wa mji, aliyaogopa kuliko adui yeyote, maana binti yake Mwanamkuu aliolewa mtaa huo, na mwaka wa kisa hiki alikuwa mjamzito.

Kando ya mtaa palikuwa na kinamasi kilichojaa mafunjo, mali ya bibi mmoja msuka mikeka, Bi Zawena. Alikata mafunjo huku akiimba:

*Maji njoo, maji tua,*
*kiu yangu waijua.*

Watu walimcheka. Shamba gani lisiloota hata muhogo?

Mwaka huo huo miguu ya bibi ikagoma kuingia majini. Akatangaza kuuza. Tajiri Mwinyi Kombo akajitokeza upesi, apajaze udongo ajenge maghala. Bi Zawena akajikongoja hadi barazani.

"Mwanangu Jumbe, mji ukinunue kinamasi changu, mkiache kilivyo."

"Mji ununue matope, bibi?"

"Mvua ya mlimani, iliyo nyingi inanywewa pale. Akikiziba Mwinyi, itawanywa nyinyi."

Baraza likacheka. Jumbe naye akacheka kidogo, kisha akaona haya, kwa kuwa bibi hakucheka.

"Tutafikiri," akasema.

Wakafikiri. Wakafikiri tena. Si mnayajua mabaraza, kahawa ikiwapo kufikiri hakuishi.

Bi Zawena akangoja, akachoka, akakubali kumuuzia Mwinyi Kombo. Sasa, mji ule ulikuwa na desturi yake. Ardhi haikuwa ya mnunuzi mpaka ale na muuzaji sinia moja juu ya ardhi yenyewe. Wenyewe waliiita kula shamba. Mwinyi Kombo hakuwa tayari kulowesha kanzu yake ya kitani. Akaamuru watu wake wamwage udongo, apate pakavu pa kukalia. Wakaumwaga pale pale maji yanapoingilia kinamasini. Tuta likapanda, majembe yakaachwa juu yake.

Bi Zawena akalitazama. "Mwinyi, hapo ulipopachagua ni kooni."

"Nakula mara moja tu, bibi. Mengine baadaye."

Siku ya sinia ikafika. Jumbe akaitwa kuwa shahidi, na moyo wake haukutulia, kwani Mwanamkuu alikuwa ameshikwa na uchungu tangu alfajiri. Ubwabwa ukapakuliwa. Tonge la kwanza halijafika kinywani, mlima ukanguruma. Vuuu, vuuu, vuuu. Maji yakaja, yakagonga tuta, yakageuka. Yakashika njia ya mtaa wa chini.

Roho ya Jumbe ikaruka. Akainuka akimbie kwa binti yake. Bi Zawena akamkamata kanzu.

"Ukienda kule mtakuwa wawili majini. Shika jembe."

Jumbe hakuwa amelima tangu ujana wake. Akachimba. Wazee wa baraza wakachimba kwa mikono. Mwinyi Kombo akasimama, akatazama, akavua viatu, naye akachimba. Tuta likalegea, likapasuka, bwaa. Maji yakarudi mbio kinamasini, na kinamasi kikanywa. Gu-gu-gu. Kikanywa tena. Gu-gu-gu. Mafunjo yakainama, yakasimama. Kikanywa mto mzima, na hakikushiba.

Mtaa wa chini maji yalifika kizingitini kwa Mwanamkuu, yakasita, yakarudi. Kisha ikasikika sauti ya mtoto mchanga, kali, inaudai ulimwengu. Jumbe akalia mbele za watu wake, wala hakujificha.

Sinia lilikuwa linaelea. Bi Zawena akalivuta, akaketi kwenye tope.

"Nani anakula nami?"

Jumbe akaketi, tope kiunoni. "Mji unakula, bibi."

Akala ubwabwa ulioloa. Wazee wakaketi mmoja mmoja, wakala. Mwinyi Kombo alikuwa amesimama kando.

"Njoo, baba," bibi akamwambia. "Kwani wewe si wa mji?"

Akala. Hivyo ndivyo mji ulivyokinunua kinamasi. Bi Zawena akajengewa nyumba palipoinuka, na mafunjo akakatiwa na kuletewa mlangoni mpaka alipofariki. Na kila masika yakikaribia, mji mzima ulishuka na majembe na masinia, ukalipanua koo la kinamasi, ukaketi topeni kwa kanzu na kanga nzuri, ukala, ukaimba:

*Maji njoo, maji tua,*
*kiu yangu waijua.*

Maji hayakuingia tena bila hodi.

Enyi mnaojenga, sikieni. Maji yasipopewa mahali, hujichagulia, na huchagua kwenu. Hadithi yangu imetua jembe hapo. Aliye na sinia alete, tule.