Kinu Ndani ya Begi

Ndugu zangu, kaeni vizuri, na nyie wa viti vya nyuma sogeeni mbele, leo siombi sadaka ya pili. Nataka niwapeleke Ulaya. Nauli hakuna, pasipoti hakuna, ni masikio yenu tu nayataka.

Palikuwa na mama mmoja, mwalimu wa jiografia, huku huku kwetu kwenye baridi na migomba. Jina lake silitaji, maana nikilitaja mtaacha mfano mtaanza kuulizana ni binti wa nani. Mama huyu alifundisha miaka thelathini na nne. Kila mwaka alichora ubaoni kwa chaki milima ya Uswisi, chini ya milima akachora maziwa, na katikati akapitisha reli. Halafu anawaambia watoto, "Hapa treni inapanda mlima kwa meno, gurudumu lenye meno linang'ata reli." Watoto wanacheka. Meno! Na yeye mwenyewe hakuwahi kuona hata jino moja la treni hiyo. Alisoma kitabuni, akaamini, akafundisha. Je, si ndivyo sisi wahubiri tunavyofanya tukisimulia habari za mbinguni? Haya, msinicheke sana, tuendelee.

Basi, Mungu si Athumani. Mama alipostaafu, binti yake wa mwisho alikuwa muuguzi kwenye nyumba moja ya kutunzia wazee, tena wapi? Huko huko Uswisi, kwenye kamji kadogo juu milimani. Ameolewa huko, ana mtoto wa kike wa miaka minne. Miaka sita mama na binti wanaonana kwenye simu tu, na mjukuu alijua bibi ni kichwa kinachoongea ndani ya kioo. Siku moja binti akapiga simu: "Mama, viza imetoka. Tiketi ninayo. Unakuja." Mama akaweka simu mezani, akatoka nje, akazunguka nyumba mara mbili. Mume wake akadhani kuna msiba.

Binti akataka kutafuta mtu wa kumpokea uwanja wa ndege, kwa kuwa siku ile yeye angekuwa kazini mpaka jioni. Mama akang'aka. "Kupokewa? Mimi? Reli hiyo nimeichora miaka thelathini na nne! Nitapanda treni mwenyewe na nitafika mwenyewe. Nyie nisubirini stesheni."

Akanunua daftari jipya, akaanza kupanga. Jumatatu, mji wa ziwani, kupanda boti na kula samaki wao. Jumatano, treni ya meno. Ijumaa, mji mwingine wa juu zaidi, kushika theluji kwa mkono. Aliandika majina ya stesheni zote kwa mpangilio, na kando ya kila jina saa ya kufika na saa ya kuondoka. Mume wake akasoma, akakuna kichwa: "Mwalimu, na kulala mtalala lini?" Mama akamwambia, "Nitalala nikirudi."

Jambo moja tu lilimtisha kwenye daftari lile. Siku ya kufika, katika mji mmoja wa kando ya ziwa, alitakiwa kushuka treni moja na kudaka nyingine. Dakika sita. Na hiyo ya pili ndiyo ya mwisho siku hiyo kupanda mlimani.

"Dakika sita si nyingi?" mume akasema. "Hapa kwetu treni ikisimama, mtu anashuka, ananunua mahindi, anagombana na muuza mahindi, wanapatana, anapanda."

"Huko haingoji mtu, Mzee. Saa yake ikifika mlango unajifunga."

Na binti kwenye simu alikuwa ameshamwonya. "Mama, kuna ngazi. Unashuka ngazi, unapita chini ya reli, unapanda ngazi upande wa pili. Mpagazi hakuna, begi utabeba mwenyewe. Usikose hiyo treni mama yangu, utalala kwenye benchi na baridi ya huku inaua. Na huyu mjukuu wako ameshatangazia chekechea nzima kwamba atasimama stesheni kumpokea bibi. Amechora na picha."

Mnaona kilichopo hapo? Ngazi, dakika sita, na mtoto wa miaka minne amesimama stesheni.

Sasa nyie mnaijua desturi yetu. Msafiri akitangazwa, mizigo inatangulia kumuaga. Jirani akaja na mchele wa Kyela kilo tano: "Mpelekee mwanetu, asije akasahau harufu ya nyumbani." Wifi yake akaja na dagaa wa Ziwa Nyasa, wamefungwa mifuko mitatu na bado wananukia hadi sebuleni. Akina mama wa kwaya wakaja na vitenge. Msicheke, nyie wa safu hiyo, mnajijua. Mzee mmoja wa kanisa akaleta asali lita tatu kwa ajili ya mpwa wake aliyeko Norwei.

"Mzee wangu," mama akasema kwa upole, "mimi naenda Uswisi."

"Si Ulaya hiyo hiyo? Utampa mtu anayepita njia ya huko."

Na wa mwisho akaja shangazi wa mume wake, bibi wa miaka themanini, anatembelea fimbo, na kwapani amebeba kinu. Kinu, wapendwa! Kinu cha mti mgumu, na mchi wake. "Mjukuu wangu atatwangia nini huko kwa wazungu?" Mama akakipokea kwa mikono miwili, akapiga goti, akashukuru. Mngefanyaje nyie? Mzigo wa mtu hapa kwetu haukataliwi. Ukiukataa umemkataa mwenyewe.

Zikabaki wiki tatu na siku chache. Mama akaamua kufanya mazoezi. Akaenda kwenye shule aliyofundisha, ile yenye ngazi za mawe kutoka uwanjani hadi madarasani pande zote mbili, shule ikiwa imefungwa. Mume akasimama juu na simu yake mkononi, anahesabu dakika. Mama akashuka na begi lake la matairi, akakatiza uwanja, akapanda ngazi za upande wa pili. Matairi kwenye ngazi yanasaidia nini? Akalivuta, akalibeba, akapumzika, akalibeba tena. Hajafika nusu akasikia mume wake anapaza sauti toka juu:

"Treni imeondokaaa!"

Alipofika juu, dakika kumi na moja. Kesho yake akavaa raba, akanywa uji mzito, akarudi. Dakika tisa. "Treni imeondokaaa!" Watu wa mtaani wakawa wanakuja kuangalia, wengine wamebeba na viti vyao.

Mama akaanza kupunguza mzigo. Akatoa viatu vyake vya kubadilisha. Dakika nane. Akatoa sweta zake mbili. Dakika saba na nusu. Zikiwa zimebaki siku nne, akatoa koti. Koti, ndugu zangu, na anakwenda kwenye theluji! Akashuka, akakatiza, akapanda, na mume wake safari hii hakupiga kelele. Alimwonyesha tu simu. Dakika saba.

Mume akakaa kwenye ngazi, akavuta begi, akalifungua. Akatazama. Mchele. Dagaa. Asali ya Norwei. Vitenge. Na katikati, kinu kimekaa kama bwana harusi. Nguo ya mke wake hakuiona hata moja.

"Mwalimu," akasema, "hebu niambie. Anayesafiri ni nani, wewe au kinu?"

Mama akaanza kulia. Alilia kwa uchungu kabisa, mtu mzima, mbele ya watu na viti vyao. "Sasa nifanyeje? Nimrudishie shangazi kinu chake? Nitamtazama kwa uso gani? Afadhali nikose treni." Akapangusa macho, akasema tena, taratibu, "Lakini yule mtoto atasimama pale stesheni, treni itafika, watu watashuka wote, na bibi hayumo."

Hilo ndilo lililomwinua. Jioni ile ile akakifunga kinu kwenye kanga, akakiweka kichwani, akaenda kwa shangazi. Njia nzima anatunga maneno. Atasema uwanja wa ndege wamekataa vinu. Atasema kuna sheria mpya. Eti sheria ya vinu! Alipofika mlangoni uongo wote ukamtoka kichwani.

"Hodi humu. Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu, karibu. Mbona umebeba?"

Mama akakitua kinu, akapiga magoti. "Shangazi, nisamehe. Nimeshindwa kukibeba. Nimejaribu wiki tatu. Nikikibeba hiki, mjukuu wako simfikii."

Shangazi akakitazama kinu. Akamtazama mkamwana wake. Mama akasema moyoni, kwisha, nimeharibu. Halafu yule bibi akaanza kucheka. Akacheka mpaka fimbo ikamdondoka, akacheka mpaka machozi.

"Mwanangu wee! Unajua mimi hiki ndicho kinu changu? Sina kingine. Niliona kila mtu anapeleka mzigo kwako, jirani kapeleka, wifi kapeleka, hata watu wa kwaya. Nikasema nisipopeleka mimi utasema shangazi hanipendi. Sina mchele, sina asali, nikachukua nilichokuwa nacho. Wiki tatu sasa nakula mboga bila karanga!"

Wiki tatu, ndugu zangu! Mmoja anapandisha ngazi na kinu, anaacha koti lake kwa ajili ya kinu. Mwenzake amekaa nyumbani anatafuna mboga kavu kwa kukosa kinu hicho hicho. Na wanapendana! Na njia kutoka nyumba hii hadi ile ni robo saa kwa mguu.

Shangazi akamwambia, "Kaa hapo." Akaleta karanga, akazitwanga zile karanga pale pale, akafunga kiasi cha kujaa kiganja kwenye kitambaa. "Mpelekee hizi. Mwambie bibi yake mkubwa amezitwanga kwa mkono wake." Uzito wake je? Kuku angezibeba.

Mama akapata nguvu, kesho yake akapita nyumba zote. Jirani akasema, "Wala usijali, nipimie kikombe kimoja tu cha ukumbusho." Wifi akasema, "Mimi nilijua uwanja wa ndege watakunyang'anya, ila ningeanzaje kutokuleta?" Watu wa kwaya wakamwachia kitenge kimoja badala ya sita, wakamwimbia na wimbo. Mzee wa asali akasema, "Huyo mpwa hajanipigia simu mwaka wa nne huu. Nilitaka nipate sababu ya kumtafuta." Mama akamwambia, "Mpigie tu, Mzee wangu. Sababu unayo, ni mpwa wako." Na akampigia, wakaongea hadi salio likaisha.

Koti likarudi kwenye begi, na sweta, na viatu. Mama akaenda kwenye ngazi za shule mara ya mwisho. Safari hii mtaa mzima ulikuwepo, na shangazi aliletewa kiti cha mbele. Mama akashuka, akakatiza, akapanda. Dakika nne na nusu. Mume akaisahau simu, akarusha kofia.

Siku ya safari, mume na shangazi walikaa sebuleni na simu katikati yao, hawali, hawanywi. Jioni ikaita. Kwanza wakasikia upepo na kengele za stesheni. Kisha kasauti kadogo, sasa bibi si wa kwenye kioo tena, kanaita kwa nguvu zake zote, "Bibiii!" Shangazi akamnong'oneza mume, "Muulize, amevaa koti?"

Alikuwa amelivaa.

Sasa turudi kwetu sisi. Mtu asitoke hapa akatangaze kwamba mchungaji kakataza watu kupeleka mchele. Tumefundishwa kubebeana mizigo na tutabebeana. Nasema habari ya ule mzigo ambao aliyeutoa anauhitaji, na anayeubeba unamvunja mgongo, na wote wawili wananyamaza kwa sababu ya heshima. Je, heshima hiyo inamheshimu nani? Humu ndani kuna kijana anasoma kitu asichokipenda, anaogopa kumvunja moyo baba yake. Na baba yake amekaa safu ile pale, hakipendi pia, anaogopa kumvunja moyo kijana! Kuna ndugu wawili hawajaongea tangu arusi ile, na kila mmoja amejiambia mwenzake hataki kumwona. Nani kasema? Umemuuliza? Tunatoa makoti yetu, tunatoa furaha yetu, tunatoa hata usingizi, ila kinu cha watu tunakiacha kikae katikati ya begi. Halafu tunashangaa kwa nini dakika hazitutoshi.

Na mimi nimo, msinitazame hivyo. Kinu changu nakijua, na jioni ya leo nitakipeleka kwa mwenyewe.

Treni bado haijaondoka, wapendwa. Kuna mtu anatusubiri stesheni, na ametutangaza kwa wenzake. Kwa hiyo ukitoka hapa usiende moja kwa moja nyumbani kula. Pitia ile nyumba unayoikwepa. Piga hodi, piga na goti ikibidi, sema, "Nisamehe, nimeshindwa kukibeba." Huenda yuko jikoni saa hii, amekaa na mboga yake, na anakungoja utwange naye karanga.