Bi Kaa na Kiwanja cha Mbele ya Bahari

Haya, mlioko nyuma, mpo?

— Tupo!

Na mlioko mbele, masikio mmekuja nayo?

— Tumekuja nayo!

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Wewe ndiye mwenye hadithi, sisi tutajuaje?

Vizuri. Wasiojua ndio ninaowataka.

Palikuwa na Kaa, jina lake Bi Mize. Mdogo, ungeweza kumfunika kwa kikombe cha chai. Aliishi kwenye mikoko, ile miti inayosimama na mizizi yake ndani ya matope ya pwani, na shimo lake lilikuwa chini ya mzizi mnene kuliko yote. Siku hizo alikuwa amebeba mayai tumboni, maelfu kwa maelfu, anangoja maji makubwa ayaachie yaende zake baharini. Hakuwa na ugomvi na mtu.

Sasa, ufuo ule kila mwaka hupata wageni. Wageni wenyewe ni korongo, wale wanaokimbia baridi ya kwao. Wanakuja, wanaota jua, wanakula samaki, wanasema "Lo, pazuri hapa!" halafu wanaondoka. Habari zao zikafika bara, kwenye mto mmoja mkubwa, kwenye sikio la Bwana Lugendo. Bwana Lugendo alikuwa Kiboko. Sikio lake lilikuwa dogo, lakini tumbo lililosikiliza pamoja nalo lilikuwa kubwa.

"Wageni wanahitaji pa kulala," akasema. "Nitajenga hoteli."

Akaja pwani, ndi, ndi, ndi, na nyuma yake ngiri kumi wenye mashoka. Akapokewa na Kima, dalali wa ufuo ule, mtu wa kucheka hata pasipo na kichekesho.

"Karibu bosi! Kiwanja kipo bosi! Hiki hapa chenye mikoko."

Wakaenda kwa sheha, mkubwa wa mtaa, naye alikuwa Kobe. Kobe alikuwa hana daftari. Kila kiwanja kilichopata mwenyewe, kilichorwa mgongoni kwake kwa ncha ya jiwe, na ndiyo maana mpaka leo mgongo wa kobe umejaa viwanja. Desturi ilikuwa moja tu: mtu mmoja, kiwanja kimoja. Wakachora, kwaru, kwaru. Mikoko ikawa ya Bwana Lugendo, na Bi Mize hakuulizwa, maana alikuwa shimoni.

Alijua aliposikia ngiri wanapima miti juu ya kichwa chake. Akatoka mbio, kacha kacha kacha, upande upande, mpaka miguuni pa Kiboko.

"Hodi, bwana mkubwa. Mimi ni jirani yako. Nakaa chini ya mti wako."

"Hama," akasema Kiboko.

"Nina mimba, bwana. Ningoje siku chache tu."

"Siku ya tano tunakata. Mikoko inanizibia bahari. Mgeni akiamka anataka kuona maji, hataki kuona mizizi. Wewe chimba shimo kwingine. Shimo si shimo tu?"

Bi Mize hakukasirika. Akamweleza kwa adabu. Akamwambia mizizi ile ndiyo inayoshika ardhi. Akamwambia habari za ufuo wa jirani, alikokwenda Fisi akakata mikoko yote ili ajenge vibanda. Mwaka wa kwanza kisima kikaingia chumvi, mwaka wa pili minazi ikaanguka, mwaka wa tatu bahari ikaja kubisha hodi mlangoni kwa Fisi, ikaingia bila kukaribishwa.

Kiboko akacheka mpaka ngiri wakayumba.

"Nifundishwe maji mimi? Nimezaliwa majini!"

Bi Mize akarudi shimoni. Akaogopa, tena akaogopa sana. Mayai hayajui shoka. Akayapapasa tumboni, akayaambia, "Tulieni, mama yenu anafikiri." Akafikiri siku ya kwanza, akafikiri siku ya pili. Siku ya tatu akasema, "Kumbe! Hajui kusubiri, hajui kuuliza, na hapendi mtu amtangulie. Hayo matatu yananitosha."

Hapa nitasimama kidogo kwa ajili ya wale ambao kwao ni mbali na bahari. Bahari ina siku za maji mafu, inapanda kidogo na kushuka kidogo, imechoka. Kiboko alifika siku hizo. Halafu ina siku za bamvua. Siku ya bamvua, asubuhi maji hutoka, hutoka, hutoka mpaka mwambani, kwenye mawe yanayovunja mawimbi kule mbali, mchanga mweupe ukabaki wazi, hata ukimwita mtu aliye upande wa pili hakusikii. Jioni yanarudi yote, na ndugu zake juu. Mtoto wa pwani anajua hayo kabla hajajua kufunga kifungo cha shati. Lakini Kiboko siku zote nne alilala kwenye dimbwi la maji ya mvua nyuma ya minazi, akipanga vyumba kichwani. Bahari hakuitazama.

Siku ya tano, saa nne asubuhi, ngiri wamenoa mashoka, Bi Mize akaja kacha kacha kacha.

"Bwana mkubwa, nimekuja kukuaga. Nasikitika tu kwamba umepata kiwanja cha nyuma."

"Cha nyuma?"

"Ndiyo. Cha mbele ni kile."

Kiboko akageuka. Lahaula! Bahari hakuna. Mchanga, mchanga, mchanga mtupu, mweupe, umenyooka mpaka mwambani.

"Maji yamekwenda wapi?"

"Yameondoka, bwana. Hata mimi nayaona yameondoka."

Kiboko akatikisa kichwa kama mwalimu. "Hiki ni kiangazi. Kwetu mtoni maji yakishuka hivi, yameshuka, hayarudi mpaka masika."

"Ninyi watu wa mtoni mmeyasoma maji," akasema Bi Mize.

"Na ule mchanga ni wa nani?"

"Wa kwetu sisi kaa. Babu zangu wote wamechimba kule, muulize Sheha. Nami nimehamishwa, basi itabidi nikajenge huko. Nitaweka nyumba yangu mbele kidogo ya hoteli yako. Wageni wako wakiamka wataona mgongo wa nyumba yangu, lakini nitaupaka rangi."

Kiboko akapumua, fuuu! Mtu ajenge mbele yake? Yeye?

"Tubadilishane," akasema.

"Ah, hapana bwana. Kile kizuri mno."

"Tubadilishane!"

"Na mimi nibaki na matope haya?"

"TUBADILISHANE!"

"Basi bwana," akasema Bi Mize, na akashusha pumzi kama mtu aliyenyang'anywa. "Wewe ndiye mkubwa."

Kima akashtuka. Kima ni mwenyeji, maji anayajua. Akavuta mkia wa Kiboko. "Bosi, subiri bosi, hayo maji ya—"

"Nyamaza! Nifundishwe maji mimi? Nimezaliwa majini!"

Kima akauachia mkia. Akakumbuka kwamba dalali analipwa kila kiwanja kinapopata mwenyewe mpya, akaanza kucheka tena.

Wakaenda kwa Kobe. Kobe akafungua jicho moja.

"Bwana Lugendo, mchanga ule umeuona?"

"Nimeuona."

"Umeuliza habari zake kwa wenyeji?"

"Nifundishwe maji mimi? Nimezaliwa majini!"

"Umeridhika?"

"Nimeridhika!"

Kwaru, kwaru. Ikachorwa. Kobe akafunga jicho.

Basi siku hiyo kazi ilikwenda mbio. Ngiri wakabeba nguzo, wakabeba makuti, wakabeba kitanda cha bosi. Wakapiga hatua mia, Kiboko akasema, "Mbele zaidi." Wakapiga mia nyingine, akasema, "Mbele zaidi." Wakafika mwambani, mbele zaidi hapakuwapo. Wakasimamisha nguzo, ko! ko! ko! Wakaezeka kibanda cha kwanza, cha mfano. Kiboko akajilaza kitandani, akafumba macho, akawaona korongo wamepanga foleni.

Saa saba kitu kikamgusa mguu. Chwa.

"Umande," akasema.

Chwa, chwa. Magotini.

"Wameniletea maji ya kunawa. Utumishi mzuri."

Chwa, chwa, chwaaa. Tumboni.

"Bwawa la kuogelea! Hatukulipanga, lakini nalichukua."

Ngiri hawakungoja kuchukua chochote. Walipandisha mikia juu wakakimbia, na mashoka wakayaacha huko huko. Wimbi likaja, puu! Kibanda kikalala. Wimbi likaja, puu! Makuti yakaondoka kwenda Bara Hindi bila nauli. Kitanda kikavunjika, na Bwana Lugendo akazama, chubwi! Akafungua mdomo wake mkubwa kupiga kelele, ikaingia nusu ya bahari.

"Chumvi! Haya maji yameharibika!"

Akatokea nchi kavu macho mekundu, mwani kichwani, akaenda moja kwa moja kwa Kobe. Bi Mize alikuwa keshafika.

"Nirudishieni kiwanja changu!"

"Kiwanja chako kipo," akasema Kobe. "Hakuna aliyekigusa. Kina maji kidogo juu yake."

"Nimedanganywa!"

"Neno gani la uongo nimekwambia, bwana?" akauliza Bi Mize. "Nilisema yameondoka. Si yaliondoka? Kesho asubuhi utakiona tena, cheupe vilevile. Ila usiweke kitanda."

Kiboko akakung'uta mwani kichwani. Akaenda zake bara, ndi, ndi, ndi, na njia nzima alikuwa akitema mate.

Korongo walikuja jioni ile ile. Wakazunguka angani, wakaona miti imesimama, wakatua juu ya mikoko. "Lo, pazuri hapa!" wakasema. Chini yao maji ya bamvua yalikuwa yamejaa mpaka mlangoni kwa Bi Mize. Akasimama kwenye mzizi wake, akajitikisa mara moja, mara mbili, na watoto wake wote wakaondoka na maji, maelfu kwa maelfu. Wengine wataliwa, hilo alilijua. Lakini watakaorudi watakuta mizizi ya kujifichia. Alifurahi, akalia, akafurahi tena. Ni mama.

Hadithi yangu imefika pwani, na mbele ya pwani hakuna njia ya miguu. Aliyeipenda aende nayo, asiyeipenda aiache papo hapo, mwenyewe nitaiokota.

— Na funzo je?

Ah, funzo! Funzo ni kwamba Kaa alifanya vibaya sana. Watoto wazuri, msimwige. Mkubwa akija na shoka kwenye nyumba yako, mpishe. Mpe chai, mshikie koti, muulize kama shoka lina makali ya kutosha. Hivyo ndivyo wafanyavyo waungwana. Nilitaka leo nimlete muungwana mmoja wa namna hiyo aje athibitishe maneno yangu, nimemtafuta tangu asubuhi, lakini kila ninayemuuliza ananiambia hajui siku hizi anakaa wapi.